Uso Ambao Mtu Bado Anautumia

Mpendwa mama,

Nakuandikia nikiwa Izia, hapa mjini Sumbawanga, kwenye nyumba ambayo hukuwahi kuiona. Ni asubuhi, na baridi ya Ufipa unaijua, ile inayopita chini ya mlango na kukaa kwenye vifundo vya vidole. Mezani kwangu kuna tezo la baba, patasi zake na kopo la rangi lililokauka mdomoni. Nimerudi kuchonga, mama. Nimeona nikuambie wewe mwenyewe, kwa kuwa ni kifo chako kilichonifanya niache. Na nisikufiche: naogopa. Niliogopa siku nilipofungua gunia la vifaa vya baba, na hofu ile haijanitoka. Nimejifunza tu kufanya kazi nayo ikiwa imekaa humu ndani kama mgeni asiyeaga.

Unaikumbuka nyumba yetu ya Pito, ya mwisho kabla ya mashamba ya ulezi. Nyuma yake baba alijenga banda la kuchongea, akaliacha wazi upande wa mashariki ili mwanga uingie. Wadogo zangu wa kiume walipenda ng'ombe, mimi nikapenda banda. Nilijifunza kushika tezo kabla sijajua kusonga ugali wa kuwatosha watu wote nyumbani, nawe hukulipenda jambo hilo. Uliudhika zaidi na vumbi la mbao lililokuwa linaingia kwenye unga wako. Siku moja ulimwambia baba, "Mzee, iko siku tutakula msalaba kwa maharage." Baba alicheka mpaka akaweka tezo chini. Kicheko chake kilikuwa adimu, ndiyo maana nakikumbuka.

Halafu kigango chetu kikaomba sanamu ya Bikira Maria. Paroko alileta kadi yenye picha ya mwanamke mwembamba, mweupe, ana shingo ndefu. Baba aliitazama sana, kisha akasema huyu hajawahi kupigwa na upepo wa huku kwetu. Akakuomba wewe ukae tuutazame uso wako. Ulikataa. Ulisema una palizi, una kuni, na uso wako si wa kuwekwa kanisani. Baba hakurudia kuomba. Wewe mwenyewe, baada ya siku kadhaa, ulitoka jikoni na ungo wa maharage, ukakaa mbele ya banda, ukasema, "Haya. Nitazameni."

Baba alinigeukia mimi. "Uso nakuachia wewe," alisema. "Mimi nimeuzoea mno, sitauona."

Sikuwahi kuchonga uso kabla ya siku ile. Nilikuwa nafanya mikono, mikunjo ya nguo, mabawa ya malaika. Nilikaa mbele yako nikiwa na woga wa kawaida tu, woga wa mwanafunzi. Nikauona uso wako kama mtu anayeuona mtaa wake kwa mara ya kwanza. Kovu dogo juu ya nyusi. Shavu la kushoto lililozama kidogo pale ulipong'olewa jino. Namna ulivyofinya macho jua likikupiga, ukaendelea kuchambua maharage kwa kupapasa. Ulisema bila kuinua kichwa, "Msinifanye mzuri kuliko nilivyo. Mungu asije akanipita bila kunitambua."

Tulipomaliza, baba alichanganya rangi ya ngozi yako mwenyewe, akatia kahawia, njano na tone la nyekundu, akaijaribu kwenye mkono wako mpaka ikapotea. Sanamu ikapelekwa kanisani. Jumapili ile watu waliinua macho, wakakugeukia wewe kwenye benchi, wakainua macho tena. Wengine walicheka kwa furaha. Wewe uliinamisha kichwa kama bibi harusi.

Mvua za mwaka ule hazikwisha ukiwa hai.

Najua hukusikia yaliyosemwa msibani, kwa hiyo nakuambia. Nilikuwa napita na sufuria ya chai kwenye mkeka wa akina mama. Jirani yetu mmoja, bibi ambaye sitamtaja hata kwako, alisema taratibu kama mtu anayeeleza hali ya hewa, "Waliuweka uso wake kwenye mti wakati mwenyewe bado anautumia. Mlitegemea nini?" Niliendelea kumimina chai. Niliimimina mpaka ikafurika kikombe ikamwunguza mtu mkono, na hata yule aliyeungua hakusema neno.

Maneno yale yalitembea haraka kuliko sisi. Watoto walianza kuzunguka mbali wakipita nyumbani kwetu. Mama mmoja alinikuta kisimani namtazama mwanawe, mtoto mzuri tu anayecheza na maji, akamfunika uso kwa kanga. Sanamu ilibaki kanisani kwa sababu ilikuwa imebarikiwa, lakini watu wa benchi la mbele walihamia nyuma. Baba hakujibu lolote. Alianza kutengeneza vitanda na mipini ya majembe, na hakuna aliyemwomba sanamu tena mpaka alipokufuata. Mimi nilifunga vifaa kwenye gunia. Nikaolewa mjini, nikajifunza cherehani, nikashona sare za shule kwa zaidi ya miaka ishirini. Kitambaa hakina sura ya mtu. Nililipenda hilo.

Sasa mjukuu wako. Anaitwa Editha. Baba yake, yule kijana dereva uliyemwona mara moja ukasema ana miguu mirefu kuliko akili, alitutoka zamani, akiwa ameshathibitisha kwamba akili anayo. Editha ameolewa na kijana anayefanya biashara ya samaki, dagaa na migebuka, huko Kabwe. Mimba yake ya kwanza iliharibika kule ziwani. Alipopata ya pili, mumewe aliona ni heri akae kwangu, karibu na hospitali. Akaja na begi moja na feni, kana kwamba Sumbawanga kuna joto.

Alikuwa hajamaliza wiki nyingi hapa, katekista wa Pito alipokuja na akina mama wawili wa kigango. Walikuwa wamebeba kitu kilichoviringishwa kwa kanga. Nikawaandalia viti, nikamsalimu mzee shikamoo, akaitikia, akakilaza kile kitu kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa kama mtu anayelaza mtoto mgonjwa.

"Paa lilivuja," alisema. "Maji yaliingia ukutani, mchwa wakapata njia."

Akafungua kanga. Mama, walikuwa wamekula ndani yote. Uso wako ulikuwa umebaki ganda tu, kama kibuyu. Rangi ya baba ilikuwa bado ipo, shavu lilikuwa bado limezama pale pale, lakini nilipogusa nyusi, kidole kiliingia ndani. Nikakitoa haraka nikauficha mkono nyuma. Nilikuzika mara moja nikiwa msichana. Siku ile nilikuona ukifa tena mbele ya wageni, na maji ya chai yalikuwa yanachemka jikoni.

"Tumepata gogo la mninga kutoka Nkasi," katekista alisema. "Mninga mchwa hawauwezi. Tunaomba utuchongee mwingine."

Nikamwambia mimi ni fundi cherehani. Akasema anajua. Nikamwambia watu wa Pito wanajua kilichotokea. Mmoja wa wale akina mama, ambaye alikuwa bado mtoto mdogo ulipofariki, akasema, "Wazee ndio wanaosema hayo, mama Editha. Sisi tunataka tu Bikira wetu." Nikamtazama nikaona kwamba hata yeye, aliposema hivyo, alitazama chini nisiuone uso wake.

Ningekataa. Aliyekubali ni Editha. Alikuwa amesimama mlangoni na tumbo lake, akasema, "Leteni gogo. Mama atachonga." Wageni walipoondoka nilimgombeza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Tangu nazaliwa nakuona unageuza kichwa tukipita kwa wachongaji pale sokoni. Unatembea kama mtu anayepita nyumba ya mtu anayemdai. Mimi nimechoka kupita njia ya mbali."

Ndivyo nilivyofungua gunia. Kutu ilikuwa imekula tezo kama ukurutu. Nilinoa kwa tupa, kisha kwa jiwe, na nilipopiga pigo la kwanza kwenye gogo, tezo liliteleza likapita kando ya kidole gumba. Nilikaa chini nikasubiri moyo utulie. Haukutulia, nikainuka hivyo hivyo.

Nilianza chini, kwenye miguu. Nikapanda kwenye mikunjo ya gauni, na hapo mikono yangu ilikumbuka mambo ambayo kichwa kilikuwa kimeyasahau. Cherehani imenisaidia, mama. Sasa najua kitambaa kinavyoanguka, na wakati ule nilikuwa nabahatisha. Nikachonga mkono unaoshika mtoto. Nikamchonga mtoto mgongo tu, uso wake ukiwa umefichwa kifuani kwa mama yake. Baba angeniuliza kwa nini, na angejua jibu kabla sijasema.

Kichwa niliacha. Kilibaki kipande cha mti chenye pembe, kimekaa juu ya mabega yale mazuri. Kila asubuhi nilipata kazi nyingine ya kufanya. Nilisugua mikunjo kwa msasa mpaka ikang'aa.

Wakati huo huo Editha alianza kuvimba miguu. Tulikwenda kliniki, muuguzi akapima presha akapima tena, akasema imepanda, apumzike, apunguze chumvi, na akiona kichwa kinamuuma au macho yanaona vimulimuli aje bila kusubiri. Alisema kwa upole. Mimi nilisikia sauti ya yule bibi wa kwenye mkeka.

Siku iliyofuata nilichukua penseli nikasema leo nitaweka alama za uso, alama tu. Nilichora mstari wa kidevu. Nikachora taya. Nikarudi nyuma kutazama, nikaona kidevu cha Editha. Sikukusudia. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye kitu unachokipenda. Nilifuta kwa msasa mpaka nikachuna ngozi ya kidole, nikalifunika gogo kwa kanga na kutoka nje. Editha alikuwa anaanika nguo. Aliponiuliza kama nimeona nyoka nikamwambia ndiyo, amekimbia.

Kumbe nilikuwa nimeshasemwa. Sokoni nilikutana na mwanamke wa Pito anayeuza maharage. Baada ya salamu alininong'oneza, "Wanasema umeanza tena. Na binti ana mimba nyumbani?" Hakuwa na ubaya. Alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa na baridi kuliko wangu.

Nikaenda kwa mdogo wako, mama mdogo Leokadia. Sasa ni mzee sana, anaota jua kwenye ukuta wa nyumba yake kule Pito, lakini kichwa chake ni kizima. Nilimwamkia, akaitikia, akanipapasa uso kama anavyofanya siku hizi kwa kuwa macho yameisha. Nikamwuliza kile ambacho sikuwahi kumwuliza mtu yeyote. "Mama mdogo, ni mimi niliyemuua?"

Alishusha mikono yake mapajani.

"Dada alikuwa na uvimbe," alisema. "Chini ya titi. Alinionyesha tulipokuwa tunaoga mtoni, kabla ya ile sanamu, kabla hata paroko hajaja na kadi yake. Nikamwambia aende hospitali ya misheni. Alikwenda. Waliyomwambia huko hakunieleza, aliniambia tu, 'Leokadia, wacha wanitazame wakati bado naweza kukaa.'"

Nikamwuliza kwa nini alinyamaza, wakati sisi tulikuwa tunasemwa kijiji kizima.

"Aliniapisha. Na baba yako alijua." Akavuta kanga mabegani. "Wewe ulikuwa msichana, hukumbuki mambo yalivyokuwa. Mwanamke anaota uvimbe, anakonda, anakufa. Watu wangeuliza nani kamfanyia. Wangezunguka wakitafuta bibi kizee wa kumtwisha. Na yule uliyemsikia msibani, aliyekuwa anaishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kuni, unadhani wangeanzia kwa nani? Baba yako alisema, heri waseme ni sanamu. Sanamu haichomewi nyumba."

Nililia pale ukutani, mama. Nilimlilia baba, na vitanda vyake vyote, na mipini yake ya majembe. Lakini nilipokuwa narudi Izia, hofu ilinikuta njiani ikatembea nami. Nilijiuliza, je, kama mama mdogo ameyatunga ili nipate usingizi? Ananipenda, ni mzee, wewe na baba hampo wa kuulizwa. Halafu hata kama ni kweli kuhusu wewe, nani ameniahidi kuhusu Editha? Akili ilielewa kila kitu. Tumbo halikuelewa hata neno moja.

Ndipo nilipoamua nilichoamua. Nilichukua kioo cha kabati la nguo, nikakiegemeza ukutani mbele ya gogo, nikakaa. Nikajiambia, kama yale maneno ni ya uongo, hakuna kitakachoharibika. Kama ni ya kweli na mti lazima upewe mtu, basi uchukue huyu aliyekwisha kuishi. Nikaanza kuuchonga uso wangu.

Nilifanya kazi Editha akiwa amelala mchana au amekwenda jumuiya. Sikuwahi kujitazama hivyo. Mimi si mzuri, mama, lakini nina kope nzito na mdomo wa mtu aliyeshikilia pini za kushonea kwa miaka mingi, nao ukatoka vile vile. Kila kipande kilichoanguka nilikisikiliza. Usiku nilijipapasa chini ya matiti.

Editha aligundua uso ulipokuwa umebaki msasa tu. Aliingia kuchukua sindano, akaiona sanamu, akakiona kioo. Hakuhitaji kuambiwa.

"Umejichonga mwenyewe," alisema.

Nikamwambia sikuwa na mtu mwingine wa kumtazamia.

"Mimi nipo hapa kutwa." Akakaa kwenye kiti cha cherehani, akiwa ameshika kiuno. "Bibi Leokadia alinisimulia mliyoongea. Nilidhani yamekwisha. Kumbe umekaa humu ndani unajitoa sadaka kwa siri. Umeniuliza? Umeniuliza kama nataka nijifungue, halafu mama yangu awe wa mti?"

"Naogopa, mwanangu."

"Na mimi naogopa. Mtoto wa kwanza alitoka akiwa wa kuingia kiganjani, na hakukuwa na sanamu yoyote. Nimwogope nani, dagaa?"

Hatukucheka. Lakini alikaa pale mpaka jua likahama, akinitazama ninavyosugua, na hakusema niache. Mti ukishachongwa haurudi kuwa gogo, naye ni mjukuu wa mchongaji, anajua.

Nilipaka rangi barazani, kwenye mwanga. Nikatanguliza nyeupe, kisha ngozi. Nilichanganya kama baba, nikajaribu kwenye mkono wangu mwenyewe. Mahali fulani chini ya jicho la kushoto, pale brashi inapotakiwa kupita kama pumzi, nilisahau. Nilisahau kabisa kwamba ninaogopa. Kulikuwa na rangi na mti na mimi, kama zamani kwenye banda. Nilipogutuka niliogopa zaidi, kama mama aliyesinzia akiwa amembeba mtoto mgongoni karibu na moto.

Bluu ya joho ilikuwa haijakauka Editha alipotoka chumbani akishika ukuta. "Kichwa," alisema. "Na naona vimulimuli." Ilikuwa asubuhi, asante Mungu. Jirani aliita bajaji. Njiani nilimshika kichwa mapajani na kumwambia mambo yasiyo na maana, bei ya vitambaa, mbuzi wa jirani, chochote. Hospitali walimpeleka moja kwa moja kwenye upasuaji. Niliachwa kwenye benchi na viatu vyake.

Mama, pale kwenye benchi sikuweza kusali. Nilijaribu kuanza Salamu Maria, na kila nilipotamka jina nikaona uso wangu mwenyewe na kope zake nzito. Nikaona bluu kwenye kucha zangu nikadhani ndio ushahidi. Nilikuomba wewe badala yake. Sikuomba kwa maneno mazuri. Nilisema, kama kweli ulijua ukakaa ukatazamwa, basi mtazame huyu.

Muuguzi alitoka akauliza, "Mama yake Editha yuko wapi?" Nilimwona, nilimsikia, nikazidi kuvibana viatu vya Editha. Ilibidi mwanamke niliyekaa naye anyanyue mkono kwa niaba yangu. "Wazima wote wawili," muuguzi alisema. "Ni wa kike. Mdogo, lakini analia vizuri." Baba wa mtoto alifika kesho yake kutoka Kabwe akinuka samaki, akasimama mlangoni mwa wodi akiogopa kuingia, nikamwelewa kuliko mtu yeyote duniani.

Sanamu ilibarikiwa Editha akiwa bado hawezi kubeba ndoo. Alikuja hivyo hivyo Pito, mtoto akiwa amefungwa mgongoni kwangu. Paroko wa sasa ni kijana, hajui lolote, alinyunyiza maji ya baraka akiimba. Watu waliinua macho. Kisha wakanigeukia. Nilisikia benchi kwa benchi, "Ni Skola. Ni Skola mwenyewe." Hakuna aliyecheka. Baada ya misa, mwanamke mmoja wa rika langu alinisogelea pale mlangoni. Nilimtambua. Ni mjukuu wa yule bibi wa kwenye mkeka, bibi aliyezeeka akafa kitandani kwake, na nyumba yake haikuguswa na mtu.

"Huogopi?" aliniuliza.

"Naogopa," nilimjibu.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu analoweza kulibeba. Akaniomba mtoto ampakate. Nikamfungua mgongoni, nikampa.

Hayo yote ni mambo ya miezi iliyopita. Mimi bado nipo. Kipupwe hiki nimekohoa, na kila nikikohoa Editha ananitazama, nami najifanya ni vumbi la mbao. Sikudanganyi kwamba nimepona. Kuna asubuhi naamka nikiwa na uhakika kwamba ganzi iliyoko begani ndiyo mwanzo. Hospitali wameniambia ni bega la mshonaji. Naamini mpaka nitakapoamka tena.

Ila Editha amenijia na jambo, na ndilo lililonifanya nikae nikuandikie. Alikuwa ananyonyesha. Alisema, "Mama, nataka unichonge mimi na mtoto. Ya kukaa hapa nyumbani."

Nikamwambia achague kitu kingine. Ndege, bakuli, kinyago cha kuwauzia wageni.

"Tangu gogo lile lije, unanitazama kwa kuibia," alisema. "Nikigeuka, unageuka. Unazungumza na kitovu changu. Nilipokuwa wodini ulinilisha uji huku unatazama kijiko. Huu ni mwaka sasa, mama. Sina mama wa mti, sawa, nashukuru. Lakini hata huyu wa nyama hanitazami."

Sikuwa najua kama alikuwa ameona. Ni kweli. Niliogopa kwamba kumtazama ni kuanza kumchonga, na kumchonga ni kumpoteza, na kwa hofu hiyo nimekaa naye nyumba moja bila kumwona. Nimejaribu sasa hivi kukumbuka rangi ya macho yake, nimeshindwa. Yako nayakumbuka yote, mama. Wewe nilipewa nafasi ya kukutazama mpaka nikashiba, muda mfupi kabla hujaondoka, na sikujua kwamba ulikuwa unanipa.

Kwa hiyo nimekubali. Gogo dogo la mninga lipo uani. Jua limeshaanza kupasha ukuta, mtoto ameshiba, na Editha ameniita mara mbili. Hofu bado imekaa humu ndani, hata mwandiko huu utauona umepinda. Sitaisubiri iage.

Usalimie baba. Mwambie mama mdogo amenieleza. Mbaki salama huko mliko, na kama mnaweza kutuona, basi mtuone polepole, bila haraka ya kutuita.

Natoka nje sasa. Nakwenda kumtazama.

Ni mimi, mwanao wa kwanza,
Skola